Kiti Kisicho na Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ilianza jana na mpaka sasa haijapumua. Harusi zimekwisha hadi Juni, kwa hiyo viti vyetu vyote vya kukodisha vimerudi ghalani. Leo tumevipanga safu safu na kuvikagua kama wanafunzi waliotoka likizo. Thelathini na nane vimepoteza mguu. Hamsini na kitu vina miguu yote minne lakini miguu yenyewe haielewani. Mume wangu, ambaye ndiye fundi wa nyumba, alizunguka akiviwekea alama ya chaki mpaka chaki ikaisha.

Mama mkwe alisimama mlangoni na sweta lake la kijani, mikono kiunoni.

"Hivi vimezeeka pamoja na mimi," akasema. "Tofauti ni kwamba mimi sijamwangusha mgeni wa mtu."

Basi miezi hii mitatu tunatengeneza vipya mia na hamsini. Vyote vimeshaombwa na mwalimu mkuu wa shule ya jirani, anayemwoza binti yake tarehe saba Juni. Kabla ya kukata hata ubao mmoja, lazima tukubaliane ni mbao gani. Nimenunua daftari hili nikijua watu wa nyumba hii wanavyokubaliana.

Jumatano, 5 Machi

Kwetu kiti hakipimwi kwa futi wala kwa macho. Kinapimwa kwa Mama.

Alianza biashara hii na viti kumi na viwili vya sebuleni kwake, akivikodisha huku wanawe wakila chakula wamesimama. Ni mwanamke mnene na analisema mwenyewe kabla hujalifikiria. Kiti kipya kikiletwa uani, anakizunguka mara moja, anakipa mgongo, kisha anajibwaga. Hakai, anajibwaga. Anaegemea nyuma mpaka miguu ya mbele inaning'inia, anageuka kulia, anageuka kushoto. Kiti kikitoa sauti yoyote, hata ya kuguna, kinarudi kwa fundi. Mtaa mzima unamwita Mzani, na jina hilo analipenda kuliko alilopewa na wazazi wake.

Nina miaka kumi na moja ndani ya ndoa hii na sijawahi kushinda mjadala ambao makalio yale yameshapiga kura.

Safari hii nataka kushinda. Mimi ndiye ninayesimamia kupakia na kushusha, si wao. Viti vya mninga ni vizito. Mpakiaji wetu, Winchi, anabeba vinne kwa mkupuo, na kufikia saa tisa hashushi tena, anavitupa. Nataka msonobari. Mwepesi, unapokea skrubu bila ugomvi, na Winchi atabeba vinane akiimba.

Jumamosi, 8 Machi

Yadi ya mbao, mimi na Mama. Muuzaji tunamwita Kavu Tupu, kwa sababu tangu tumfahamu hajawahi kukiri kwamba ana ubao mbichi. Mvua inapita kwenye matundu ya bati lake, mbao zinatoka jasho, naye ananyoosha mkono kama anayetambulisha ndugu zake.

"Mama, hii ni kavu. Kavu kama biskuti."

Mama akaubonyeza ubao kwa ukucha, akaunusa, akaugonga kwa kifundo cha kidole. "Biskuti iliyochovywa kwenye chai," akasema.

Tukachukua mbao za viti vitatu vya kujaribia: kimoja cha mninga, kimoja cha mkaratusi, kimoja cha msonobari. Njiani nikamweleza hoja yangu. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akasema:

"Mkwe, kiti cha nyumbani kina mwenyewe. Akikivunja amejivunjia. Cha kukodisha hakina mwenyewe. Mtu anakikanyaga na viatu afunge maua juu. Mtoto anakiburuta uwanja mzima. Mlevi anakikalia kikiwa kimesimama kwa miguu miwili tu. Usitafute mbao ya kumbeba mgeni. Tafuta mbao ya kumvumilia mtu asiyejali."

Nikamwambia wapakiaji nao ni watu. Akasema anajua, ndiyo maana wameumbiwa mabega. Tukanuniana mpaka nyumbani. Alinisimamisha mara mbili aombe choo cha watu, akanunua chupa mbili kubwa za maji, akanywa zote na hakunipa hata tone.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Bata wa jirani wamehamia kwenye karakana yetu na mume wangu anazungumza nao.

Ijumaa, 14 Machi

Leo ni siku ya kuandikwa kwa wino mwekundu, sema sina.

Viti vitatu vilitolewa uani mvua ilipopoa kidogo. Kile cha mkaratusi kilijiondoa chenyewe: mguu ulikuwa umepasuka kabla hajakigusa mtu. Mume wangu alikitazama kwa aibu kama mtoto wake kakojoa mbele za wageni. Mama akakaa kwenye cha mninga. Kimya. "Kimepita," akasema.

Kisha msonobari. Akakizunguka, akakipa mgongo, akajibwaga. Nilikuwa nimekwisha kaza meno nikisubiri ule mlio. Akaegemea. Akageuka kulia, akageuka kushoto. Hakuna kitu. Mume wangu alinitazama, nikamtazama. Mama akainuka, akajibwaga tena. Kiti kikanyamaza kama kimelishwa kiapo.

Alikaa pale muda mrefu kuliko kawaida, viganja juu ya magoti, akiangalia maji yanavyotiririka kwenye mtaro.

"Kimepita," akasema, kwa sauti ndogo.

Nimeruka. Sioni haya kuandika kwamba mwanamke wa miaka arobaini na mbili ameruka uani kwake kwenye matope. Mama aliingia ndani bila kunipa hata kijembe kimoja. Kushindwa kunauma, najua, mimi nimeshazoea.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeamka na usingizi wa mshindi machoni.

Jumatano, 19 Machi

Mume wangu anaranda tangu asubuhi. Nyumba yote inanukia utomvu. Nimekuta maranda kwenye sukari, kwenye kitana, kwenye soksi. Sijalalamika, kwa kuwa ni maranda ya msonobari.

Jumamosi, 22 Machi

Mama anamaliza jagi la maji kabla hata ya chai. Nikamwambia kwa utani kwamba itabidi tuhamie mtoni. Akacheka, akaenda chooni.

Jumamosi, 29 Machi

Viti thelathini tayari. Winchi amekuja kuvijaribu. Kabeba vinane, akazunguka uani navyo, akarudi akiwa bado ana pumzi ya kusema uongo. "Shemeji," akaniambia, "wewe utaingia peponi kwa mlango wa wapakiaji."

Alhamisi, 3 Aprili

Baridi ya mvua imemshika Mama. Siku hizi anavaa gauni juu ya gauni, na sweta mbili. Anasema uzee huingilia mgongoni.

Jambo lingine, zuri: amekuwa mpole. Wiki tatu hajaniambia kwamba nakoroga gundi kama uji wa mgonjwa. Hajamwambia mwanawe kwamba randa yake ni butu kama akili zake. Nilimwambia mume wangu, "Nadhani mama yako hatimaye amenikubali." Akasema labda. Alikuwa na misumari mdomoni, kwa hiyo sina hakika alisema labda.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimekasirika. Tunapiga msasa viti sitini, vumbi mpaka kooni, naye Mama amelala kwenye kochi mchana kutwa. Nilipopita na ndoo nikasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba katika nyumba hii kuna mtu amestaafu bila kuaga. Nilijua hajalala, maana kope zilicheza.

Jumamosi, 12 Aprili

Naandika saa kumi na moja jioni, na nguo bado zina matope.

Ilikuwa sherehe ndogo ya uchumba, watu hamsini chini ya turubai. Ilikuwa mara ya kwanza viti vipya kutoka nyumbani. Mama alisema anakuja naye, japo nilimwona akipanda gari kwa kujivuta. Mvua ikanyesha kwa ubavu, miguu ya viti ikasimama kwenye maji. Saa moja ikapita salama. Nilikuwa nimesimama nyuma, mahali petu pa siku zote, nikifurahia jinsi viti vilivyopendeza.

Mjomba wa bwana harusi mtarajiwa ni mtu mkubwa, mcheshi, mwenye salamu nyingi. Alikaa, sahani mkononi. Mtu akamwita kutoka nyuma. Akageuka mwili mzima kumwitikia, na nikasikia ule mlio nilioukazia meno mwezi uliopita. Mguu wa nyuma ulichomoka kwenye tundu lake. Mjomba akaenda chini na sahani, na sahani ikaenda kwa shangazi.

Hakuumia. Alikaa matopeni akicheka, akasema ameposa ardhi. Watu wakacheka naye, nami nikacheka kwa mdomo tu. Kabla ya chakula kwisha vikavunjika vingine vitatu, na vyote kwa namna moja: mtu kageuka kusalimia. Tulikwenda nyumbani tukaleta vile vizee vya mninga vilivyosalia, na wageni wakahamia humo mmoja mmoja kama wanaohamishwa wodi.

Tuliporudi, Mama alichukua kiti kimoja cha msonobari kilichosalia kizima, akakiweka katikati ya ghala, akajibwaga. Kimya. Akainuka, akajibwaga. Kimya. Akaniambia, "Kaa wewe." Nikakaa, nikageuka. Hakuna kitu, mimi ni mwembamba. Akamwita Winchi. Winchi alikaa, akageuka, na kiti kikaguna.

Mume wangu akaanza kusema habari za mbao mbichi, za Kavu Tupu, za gundi na unyevu. Mama akamwinulia mkono.

"Acha mbao," akasema. "Ni mimi."

Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Akavua sweta la kwanza, akavua la pili, akavua gauni la juu. Lile la ndani ni gauni la buluu ninalolifahamu, nililipanua mimi mwenyewe mwaka juzi likiwa linambana. Lilikuwa limekunjwa mgongoni na kushikwa kwa pini nne kubwa. Mkono ulipita katikati ya nguo na mwili. Mkono wangu, maana ni mimi niliyekwenda kumshika.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu kabla ya mvua. Napungua tu. Nakula, napungua. Dada yangu alikwisha hivi hivi, msimu mmoja. Siku ile ya msonobari nilijua. Nilikaa nikangoja kiti kiseme, hakikusema, na mimi ule ubao nauona kwamba ni laini. Ningesema nini? Ningesema jamani, Mzani umeharibika? Nikasema kimepita."

Mume wangu aligeukia ukuta. Winchi alitoka nje bila kuambiwa.

Nami niliruka uani siku ile. Niliruka kwa furaha mbele ya mtu anayekwisha, na juzi nikamwambia amestaafu. Kiti hakikunyamaza kwa sababu msonobari ni imara. Kilinyamaza kwa sababu mama yetu alikuwa anayeyuka, na mimi ninayempikia na kumfulia sikuona. Nimezoea kumwona mkubwa, basi nikaendelea kumwona mkubwa.

Jumapili, 13 Aprili

Hataki hospitali. Anasema jambo usiloliuliza halikujibu. Mume wangu akamwambia mficha maradhi kilio humfichua. Akasema methali hiyo yeye ndiye aliyemfundisha, airudishe ilikotoka.

Nimemwambia kesho saa mbili nitakuwa mlangoni na mwavuli, na nisipomwona nitakaa kwenye kile kiti cha msonobari mpaka kivunjike au yeye atoke. Akanitazama. "Wewe huna uzito wa kukivunja," akasema. Nikamwambia basi tutakaa sana.

Jumatatu, 14 Aprili

Alitoka saa mbili kasorobo.

Muuguzi alimpandisha kwenye mizani ya kweli. Akaangalia kadi ya mwaka jana, ya matibabu ya magoti, ambayo ilisema kilo mia na nne. Akaangalia mizani. Themanini na tatu. Akamwambia ashuke apande tena. Mama akasema, "Na mimi huwa nafanya hivyo na viti."

Wakamtoboa kidole. Tulingoja kwenye benchi refu la chuma, bega kwa bega, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe alinishika mkono, akaushika mpaka pete ikaniumiza. Sikuutoa. Nilikuwa nafikiria dada yake. Nilikuwa nafikiria kwamba simwoni mtu mwingine duniani ninayeweza kugombana naye saa nzima juu ya ubao.

Ni sukari. Daktari, msichana mdogo mwenye kalamu tatu mfukoni, alieleza taratibu: kiu ile, choo kile, kupungua kule, uchovu ule, vyote ni kazi ya sukari hiyo hiyo. Imepanda sana, lakini imekutwa. Dawa, chakula cha kupimwa, kutembea kila siku. Nikauliza mara tatu kama atapona, na mara tatu akaniambia ataishi nayo vizuri akiiheshimu.

Nililia mpaka daktari akaniletea maji. Mama akayanywa yeye.

Tulipokuwa tunainuka akauliza, "Na mwili wangu utarudi?"

"Afadhali usirudi wote, Mama," yule msichana akasema, akitabasamu. "Huo uliobaki ndio unaokufaa."

Alitabasamu akidhani ametoa habari njema. Njia nzima Mama alilishika gauni lake mgongoni, penye zile pini.

Alhamisi, 17 Aprili

Anameza dawa bila ubishi, na hilo ndilo linalonitisha.

Jumanne, 22 Aprili

Hatoki chumbani ila kwenda kutembea, na anatembea kama anayemsindikiza mtu mwingine. Mume wangu amefumua miguu ya viti vyote vya msonobari isipokuwa kimoja. Ghala linaonekana kama uwanja wa mapigano. Zimebaki wiki sita na nusu hadi harusi ya binti wa mwalimu mkuu, na hatuna kiti hata kimoja cha kupeleka, na hakuna anayethubutu kuamua mbao.

Nimempelekea chai isiyo na sukari. Ameketi kitandani na uso ukutani.

"Mama, tuambie tufanye nini."

"Muulizeni mwenye kilo mia na nne," akasema. "Mimi simjui alikokwenda. Miaka yote mnaniita mnipe kiti nikalie, mkifurahi nafurahi. Sasa mtaniita kwa lipi? Nimekuwa mtu wa kuletewa vidonge."

Nilirudi jikoni nikakata vitunguu visivyohitajika.

Ijumaa, 25 Aprili

Mume wangu kaja na hekima. Mifuko miwili ya mchanga, kilo hamsini kila mmoja, jumla mia. Akaiweka juu ya kiti cha mninga, akarudi nyuma, akaangalia. Kiti kimya. Akaiweka juu ya kile kimoja cha msonobari alichokibakiza kizima. Kimya vilevile! Winchi akajikuna kichwa. Uzito ule ule, na mlio hakuna.

Dirisha la chumba cha Mama likafunguka.

"Mmenibadilisha na mchanga?"

Mume wangu akajifuta mikono kwenye suruali.

"Mchanga hauna jirani," akasema, kwa dharau kubwa. "Utageuka kumsengenya nani?" Akafunga dirisha.

Nilisimama pale na maneno hayo. Kisha nikakimbia ndani.

Jumatano, 30 Aprili

Siku nne mgongo umeniuma na sijapata nafasi ya kuandika. Nitaandika sasa.

Ijumaa ile nilimkuta kitandani, nikapiga magoti. Nikamwambia: "Mama, kumbe si uzito. Ni namna ya kukaa. Nifundishe." Akaniambia niache mchezo. Nikamwambia mgeni wa harusi haanguki kwa kilo zake, anaanguka kwa kugeuka, na wewe ndiye unayejua mgeni anavyogeuka. Umewatazama maisha yako yote ukiwa umesimama nyuma. Mchanga haujui, daktari hajui, na mwanao ndiye kabisa.

Kisha akasema, "Leta kile kiti uani. Na mfuko mmoja, uugawe mara mbili."

Basi mimi, mwembamba, nimefungwa mfuko wa mchanga tumboni kwa kamba na mwingine mgongoni kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Mama yuko kwenye kivuli cha bati na fimbo ya kupimia mbao.

"Jibwage! Usikae kama bibi harusi, jibwage! Umetoka mbali, miguu inauma, umekosa soda. Hapo. Sasa egemea, umeshiba. Sasa kuna mtu nyuma kakuita. Geuka! Si shingo, mkwe, kiuno! Unataka kuona gauni la yule! Geuka umbeya wote!"

Nikageuka umbeya wote. Kiti kikaguna. Mama akapiga makofi, na mume wangu akaacha randa akaja kuangalia.

Nimeanguka mara mbili. Mara ya pili Mama alicheka mpaka akashika nguzo. Sijawahi kufurahi kuchekwa namna ile.

Jumapili, 4 Mei

Tumeamua, yeye na mimi, mezani, bila kununiana. Miguu na fito za kuiunganisha ni mninga, kwa sababu hapo ndipo mtu asiyejali anapoumiza. Kikalio na mgongo ni msonobari, uleule tulionao, kwa sababu mpakiaji naye ni mtu. "Hilo la mpakiaji liandike ni lako," akasema. Nimeliandika.

Ijumaa, 9 Mei

Kwa Kavu Tupu tena. Amesikia Mama aliumwa, akatoa pole ndefu, kisha akatuonyesha mninga uliokuwa unavuja.

"Kavu?" Mama akamuuliza.

"Kavu, Mama."

Mama akaniambia nifumbe macho. Akaniwekea ubao mmoja mkono huu, mwingine mkono ule. Urefu mmoja, upana mmoja. "Upi una maji?" Nikapima. Nikasema wa kushoto. Akaniwekea mingine, na mingine. Mara tano. Nilikosea mmoja. Ule ulio na maji una ubaridi wa ndani na unalala mkononi kama mtoto aliyenuna. Mkavu unataka kwenda. Sikujua kwamba mikono yangu inayajua mambo hayo.

"Haya," Mama akamwambia Kavu Tupu, "mkwe wangu atachagua."

Nilichagua saa nzima. Kavu Tupu alihesabu mbao nilizokataa kwa kuguna. Mama alikaa juu ya gogo, akala tunda lake la saa nne kama daktari alivyoamuru, na hakutia neno.

Jumamosi, 17 Mei

Viti hamsini na viwili tayari. Vitatu vimerudishwa na mimi. Kimoja nilikihurumia, Mama akasema huruma hiyo ni ya mtu mwingine atakayevunjika kiuno.

Jumamosi, 24 Mei

Mia moja na tano. Winchi anabeba sita kwa mkupuo. Anasema sita ni hesabu ya utu.

Sukari ya Mama inashuka. Amenunua gauni linalomtosha, la rangi ya machungwa, na ametembea nalo mtaani kote ili watu waone.

Jumamosi, 31 Mei

Mvua imekatika. Viti mia na hamsini vimepakwa vanishi vinakauka juani, uani, kwenye ukuta, mpaka juu ya bati la jirani kwa ruhusa yake. Mtu aliyepita akauliza kama kuna mkutano.

Jumamosi, 7 Juni

Nimerudi saa kumi na mbili, jua bado lipo. Niandike kabla sijalainika zaidi.

Tulikubaliana Mama abaki nyumbani apumzike. Saa nane, turubai limejaa, viti mia na hamsini karibu vyote vina watu, mimi niko nyuma karibu na gari. Kila aliyegeuka niligeuka naye. Nikaona gauni la rangi ya machungwa linapita katikati ya safu.

Mwalimu mkuu alikuwa amemwalika yeye mwenyewe, kwa kadi, mimi sikuwa na habari. Akamwongoza mpaka safu ya tatu. Nikamwona Mama anashika mgongo wa kiti, anakizunguka. Nikasema moyoni, jamani, si hapa. Lakini hakujibwaga. Alikaa taratibu, akaweka mkoba kwenye kiti cha pembeni yake, akanyoosha gauni lake, akatazama mbele kama mgeni yeyote.

Miaka yote ya kazi hii hajawahi kukaa kwenye harusi ya mtu. Anasimama nyuma na kuhesabu.

Watu walicheza, waliburuta, walisimama juu ya viti wapige picha. Mtoto mmoja alipanda kiti akakipiga mateke dakika kumi nzima, na kiti kikamvumilia. Wakati wa hotuba Mama akageuka. Kiuno, si shingo. Akanitafuta kwa macho mpaka akanipata, akaniita kwa mkono.

Nilijua ni nini. Amesikia mlio. Nilipita kati ya watu nikiomba radhi, nikijiuliza ni kiti kipi na nitamwinuaje mgeni bila aibu. Nikainama sikioni kwake.

"Kipi, Mama?"

"Kipi nini?" Akaondoa mkoba kwenye kile kiti cha pembeni. "Nimekushikia nafasi. Kaa."

"Nani atasimama nyuma?"

"Mume wako ana miguu miwili, mimi niliyemzaa ndiye ninayekwambia. Kaa, mwanangu. Hotuba nzuri hii, yule baba analia."

Nikakaa. Akanipa nusu ya kitambaa chake cha mkononi kwa sababu baba wa bibi harusi hakuwa peke yake aliyekuwa analia, tukasikiliza hotuba mpaka mwisho.